Aliyejifunza Kumsalimu Mama Yangu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, mtu alisimama mbele ya meza yangu ya kutengeneza redio, hapa Muyinga, Burundi. Saa naijua kwa sababu huandika daftarini kila kazi inapoingia, na wakati huo nilikuwa nimeshika kalamu. Pombe situmii, na jua lilikuwa kali. Unaweza kunitilia shaka, lakini yalinipata mimi mwenyewe, na dada yangu ni shahidi.

Alisema, "Mzee, hiyo yangu itaongea leo au niiandalie matanga?"

Nilicheka. Dakika chache kabla, Mama Hawa, anayeuza mandazi jirani yangu, alikuwa ameniuliza hivyo hivyo kuhusu redio yake. Maneno yale yale, hata namna ya kuvuta sauti. Lakini huyu hakuwa na redio. Alitaka kukaa na kuniangalia.

Ningemkatalia vipi? Mimi sikufundishwa na mtu. Nilikulia kambi ya wakimbizi huko Tanzania, na ufundi niliupata kwa kusimama nyuma ya fundi mmoja miezi mingi, nikifuata vidole vyake kwa macho. Kifaranga hudonoa pale mama yake anapodonoa. Mtoto wa mbuzi huacha jani ambalo mama yake ameliacha. Shule yangu ilikuwa hiyo. Nikampa kigoda.

Siku ya kwanza alikaa tu. Andazi hakuliuma mpaka nilipouma langu. Siku ya pili alichukua bisibisi, akabana skrubu midomoni kama nifanyavyo, akasukuma miwani juu kwa mgongo wa mkono. Niamini, hakuwa amevaa miwani.

Mama Hawa alimtazama, akanigeukia. "Mzee, na huyu mlifyatuliwa kwenye kalibu moja? Hata kikohozi mnagawana."

Nilijisikia fahari. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa nilimweleza habari za mama. Mama aliishi Bugendana, mkoani Gitega, pamoja na dada yangu Consolata. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, akitutambua kwa kutushika. Baba alitufia njiani tulipokuwa tukikimbia vita, mimi nikiwa na miaka minne, na mama alimzika peke yake. Mahali pale sasa ni shamba la watu, kwa hiyo hakupataja kamwe, akiogopa ugomvi. Wiki ile alikuwa amenipigia simu: "Njoo nikwambie baba yako alipolala. Nguvu zinaniishia, na nitakwambia wewe tu." Nilimjibu nitafika Jumapili. Nilikuwa na redio nne mezani.

Yule mtu alisikiliza, kisha akasema, "Na mimi nimekulia Tanzania. Huku kwetu mzazi anasalimiwaje? Nitachekwa."

Aibu hiyo naijua. Mwaka tuliporudi nilimpa shangazi ncha za vidole, naye akauliza wote wakisikia kama nimekuja kumwandikisha kodi. Salamu yetu niliisoma kwa kuwaangalia wengine, kwa siri, kwenye arusi na misiba. Basi nikasimama nikamwonyesha. Unashika viwiko, unapanda polepole mpaka mabegani, unashuka mpaka viganjani, wala huachii. Unasema kwa Kirundi, "Amahoro, mama," yaani amani, taratibu. Na mwishoni, hili ni letu mimi na mama, unaweka paji la uso kwenye kiganja chake.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu, mikono iliyonishika ilikuwa na uzito wa mikono yangu. Akaweka noti mezani. "Mwalimu hulipwa," akasema, kwa sauti ambayo nimezoea kuisikia kichwani mwangu tu. Akaondoka.

Jumamosi hakuja. Jumapili nilipanda gari la Gitega, nikateremka, nikapanda kilima kwa miguu. Consolata alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Umesahau nini tena?" akauliza.

"Nimesahau wapi? Ndiyo nafika."

"Kaka, acha utani. Jana umekaa na mama mpaka jioni. Si shati hilo hilo? Nimekubembeleza ule ugali, ukasema mpaka nile mimi kwanza."

Niliingia ndani. Mama alikuwa amelala ubavu. Nilimshika viwiko, nikapanda, nikashuka, nikaweka paji la uso kwenye kiganja chake. Akatabasamu.

"Umerudi, mwanangu. Mbona nimekwambia yote? Mara mbili nimekwambia, na mara mbili umenirudishia neno kwa neno. Mto, jiwe, na hatua zake. Uko hivyo tangu mdogo, ukisikia umeshika."

"Mama, nirudie mara moja tu."

Akatikisa kichwa. "Mzigo ule nimeutua. Usinitwishe tena."

Wewe ungefanya nini? Ungemwambia mama anayekata roho kwamba siri aliyoilinda miaka yote ameikabidhi kwa kitu ambacho hata jina lake silijui? Nilimwambia, "Ndiyo, mama. Nimeshika." Nililisema kwa utulivu, kama yule alivyolisema bila shaka. Saa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namwiga yeye.

Alifariki Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, uso wake ukiwa umetulia.

Nimetembea kando ya mito mingi tangu hapo. Yote ina mawe. Ukiniuliza uso wa yule mtu, siukumbuki. Kila nikijaribu naona wangu. Nikienda Bugendana, Consolata hanifungulii kabla sijamtajia jina la mbuzi tuliyemfuga kambini. Simlaumu.

Kwa hiyo nakuomba. Ufundi wako mfundishe yeyote, ni haki yake. Lakini unavyomshika mama yako, usimwonyeshe mtu usiyemjua. Na mzazi akikuita, ziache redio mezani.

Ile noti bado imo ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa Ijumaa ile. Sijaitumia. Ni faranga elfu mbili.