Meno ya Cheni Yaangalie Mbee

Siku ya kumi na moja ya arobaini yangu nilikuwa nimelala chini ya mnazi uliotaka kutuangukia, mimi na mwanangu. Ulikuwa nje, nyuma ya chumba, na mvua za juma zima zilikuwa zimeula udongo wa shinani ukabaki kushikwa na mizizi ya upande mmoja. Kilele chake kilikuwa juu ya paa letu hasa. Kila upepo ukivuma nilisikia shina linalia, nami namsogeza mtoto upande wa mlango, kana kwamba hatua mbili zingetuokoa.

Nilisema tuhamie kwa jirani. Shangazi yangu, aliyekuja kunilea uzazini, akanikata kauli: "Mzazi havuki kizingiti kabla ya arobaini. Mnazi ndio uhame." Na shangazi akisema, amesema.

Hapa Ndau wakati ule hakukuwa na mwenye msumeno wa injini. Baba yangu alikuwa nao huko Pate, lakini goti lake lilikuwa limevimba hata kupanda boti hawezi. Akautuma kwa boti kutoka Mtangawanda, bandari ya huko, na kama kawaida yake akautuma umefunguliwa: mashine ndani ya gunia, cheni imezongwa kwa gazeti, spana na tupa ndani ya kopo. Baba hakusafirisha msumeno na cheni yake hata siku moja. Alisema kitu chenye meno hakipandi chomboni pamoja na watu. Kwa hiyo ilibidi mtu aufunge huku, na mtu mwenyewe akawa mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu, mtu wa bara. Mpe hisabati, mpe watoto sabini darasa moja, atakurudishia salama. Lakini msumeno wa injini alikuwa ameuona kwa mbali tu huko kwao. Na mimi niliyeukulia, niliyekuwa nikimnolea baba meno yale kwa tupa tangu nina miaka kumi, nilikuwa kitandani nimefungwa mkaja. Roho ilikuwa juu juu tangu alfajiri.

Aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya dirisha langu, sauti ya baba ikatoka.

"Mwalimu, kwanza chomoa waya wa plagi, usije ukakuwakia mkononi. Umechomoa?"

"Sawa, baba."

"Rudisha breki nyuma ndipo ufungue kifuniko. Umevaa glavu?"

"Sawa, baba."

Ala! Mtu akiulizwa kama amevaa, hujibu nimevaa au sijavaa. "Sawa" ni jibu gani? Lakini nilimjua mume wangu. Kwao baba mkwe habishiwi, haulizwi mara mbili, hata usoni hakodolewi macho. Nilimwona kupitia dirisha ameinamisha kichwa mbele ya simu, kama yuko mbele ya mzee mwenyewe.

"Pangusa ile ndia ya upanga, vumbi la mbao litoke." Upanga ni ule ubapa mrefu ambao cheni huuzunguka, na ndia ni mfereji wake. Hilo mume wangu alilijua, alishazoea sisi kuita njia ndia na nchi nti. "Cheni ikae ndani ya ndia kote, huku nyuma ishike gia. Halafu meno ya juu yaangalie mbee. Umefahamu? Mbee."

"Mbele. Sawa, baba."

"Ukimaliza inua ncha ya upanga, kaza polepole. Uivute cheni kwa mkono: isogee, lakini isining'inie."

"Sawa, baba."

Mgongo wake ulinizibia, sikuona mikono inafanya nini. Nikamwita, "Mwalimu, hebu nionyeshe!" Akasema, "Tulia, mama, baba ameshanieleza." Nitulieje? Nilikuwa natafuna pindo la leso.

Waya wa plagi ukarudishwa, msumeno ukawaka. Nilimsikia akizunguka nyuma ya chumba. Msumeno uliofungwa vizuri, ukigusa mti sauti yake huzama, unasikia kabisa kwamba umeuma. Huu haukuuma. Ulipiga kelele ile ile nyembamba, kisha ikaja harufu ya kuungua. Nikajua yuko anausukuma, anaulalia kwa kifua, maana asiyejua huona dawa ya msumeno usiokata ni nguvu. Nilipiga kelele mpaka mtoto akalia. Hakunisikia. Cheni ikisuguliwa hivyo hupata moto, ikipata moto hurefuka, ikirefuka hulegea. Nilikuwa nikiyawaza hayo moja baada ya jingine, na siwezi kuyazuia.

Pakasikika mlio mmoja kama wa mjeledi. Halafu kimya.

Yarabi, kile kimya! Niliinuka. Shangazi akanishika leso, nikamwachia leso mkononi nikatoka na dera, miguu mitupu. Kizingiti sikukiona hata nilipokivuka.

Alikuwa amesimama. Msumeno uko chini umezimika, cheni imeruka kwenye upanga inaning'inia, na yeye ameshika paja.

"Ondoa mkono."

"Si kitu."

"Mwalimu, ondoa mkono!"

Suruali ilikuwa imepasuka kipande cha kiganja. Ndani, kwenye ngozi, mstari mwekundu kama mkwaruzo wa paka. Damu haikutoka hata tone. Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Nikaitazama cheni. Meno ya juu yalikuwa yameielekea injini, yote yamegeuzwa. "Baba amesema mbele!" nikafoka.

"Si ndiyo hii? Injini iko mbele."

Nilitaka kumpiga, kisha nikafahamu. Baba ni mtu wa boti. Kwake injini iko nyuma, na mbele ni ncha. Mume wangu amekulia kando ya barabara ya malori. Lori gani lina injini nyuma?

"Na kwa nini hukuuliza?"

"Nimuulize baba yako mbele ni wapi? Atanionaje?"

"Heshima si utumwa!" Nililia kwa hasira, machozi na kamasi. "Ungeniacha mjane na mtoto wa siku kumi na moja, kwa sababu ya kuona haya! Chukua simu. Muulize."

Simu ilikuwa bado inaita jina lake pale kwenye ndoo, baba amepandwa na wazimu. Mume wangu akaiinua kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe. Mbele ya msumeno ni wapi?"

 Baba akamweleza: mbele ni ncha. Akatwambia tungoje cheni ipoe kabisa, maana ukiikaza ya moto, ikipoa hujikaza zaidi ikauharibu upanga. Tukangoja, upepo unavuma, mnazi unalia. Shangazi alishatoka na mtoto, akinung'unika kwamba arobaini yenyewe imeshavunjwa. Nilizipitia pingili za cheni moja moja, palipokwaruzika nikalainisha kwa tupa, nikaiweka mikono ya mume wangu juu ya cheni akaifunga yeye. Mafuta yakajazwa. Majirani wawili wakaushika mnazi kwa kamba ndefu, sote tukasogea mbali. Safari hii msumeno uliuma. Sikupumua mpaka mnazi ulipolala upande wa banda la kuku.

Baba alikuwa hajakata simu.

"Mwalimu, vidole vyote unavyo?"

"Ninavyo vyote, baba."

"Alhamdulillah. Mimi kidole changu cha kati, watu wanajua kilikwenda na kamba ya nanga. Si kamba. Ni msumeno huo huo, mwaka nilioununua. Aliyeniuzia alinieleza mara moja, nikaona haya kumuuliza mara ya pili."

Mume wangu akanigeukia. Mimi ni mwanawe wa pekee, nimelishwa kwa mkono ule, na maisha yangu yote nilikuwa nikiwaambia watu ni kamba.