Picha ya Mwaija, Kinywa Wazi

Rehani alikuwa mtu wa hasira, na tuliseme hilo mapema tusije tukalaumiana. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge, Ngombezi, na mtu anayeshinda kando ya korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge, huzoea kuongea kwa kupaza sauti, hata watu wakamdhania anagomba kumbe anasalimia. Kwa Rehani hawakukosea sana. Alikasirikia chai ya moto, akakasirikia iliyopoa. Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni kamera ya boksi aliyoachiwa na karani mmoja Mgiriki aliyefungasha virago baada ya mashamba kutaifishwa.

Kila Jumapili alikwenda Korogwe mjini, katika chumba cha nyuma cha Isaka, fundi saa, ambako walikutana watu wachache wenye ugonjwa kama wake. Hakuna aliyekuwa akila kwa kupiga picha. Walisafisha filamu wenyewe, wakaharibu nyingi, wakachekana. Walikuwa na desturi moja: picha haitundikwi ukutani mpaka aliyeipiga asimame aeleze ni nani yule, alikuwa anafanya nini, kabla yake kulitokea nini na baada yake nini. Isaka alipoleta picha ya bibi harusi wa Magoma aliyevushwa mto juu ya trekta, walimdai habari yote mpaka jina la dereva.

Mwaka ule wa operesheni ya kuhamia vijijini, Rehani aliomba ruhusa kazini akaenda Handeni kumtazama mama yake mdogo, Mwaija, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alikuta lori limesimama uani likinguruma, na mgambo wawili wako juu ya paa wanang'oa nyasi. Kitongoji kizima kilikuwa kinahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Mkata. Rehani alifura. Kwa kuwa hakuweza kuwapiga mgambo, alitoa kamera, akainamia boksi lake na kupiga picha: Mwaija mlangoni, mikono juu, kinywa wazi, na nyuma yake paa nusu. Kisha akasaidia kupakia vyungu na vitanda, akimtukana dereva kimoyomoyo.

Jumapili iliyofuata alisimama kwa Isaka akaeleza kwamba yule ni mama yake mdogo, akilia huku nyumba yake inabomolewa. Mwalimu Mhina, aliyekuwa mkubwa wao pale, alifuta miwani, akaiomba picha ile kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Rehani akampa kwa moyo mweupe.

Siku ya Sabasaba aliingia ukumbini akaikuta imekuzwa, imewekwa mbele kabisa. Paa lilikuwa limekatwa. Amebaki Mwaija peke yake, mikono juu, kinywa wazi, na chini yake maandishi mazuri ya mwalimu: Vigelegele vya kuhamia kijiji cha ujamaa. Rehani alimkunja Mhina shati mbele ya wageni, akamuuliza kama kwao watu hupiga vigelegele wakibomolewa nyumba. Mhina hakujitetea sana.

"Ndugu Rehani, kinywa wazi ni kinywa wazi," alisema. "Picha haina sauti. Ungependa niandike nini, tufungwe wote?"

Waliachanishwa. Rehani akaapa hatakanyaga tena kwa Isaka, na hakukanyaga. Lakini ubaya haukuishia hapo. Maonyesho yalipokwisha, wakubwa waliona ni heshima picha ile ipelekwe katika kijiji cha Mwaija mwenyewe, itundikwe ofisini kwa mwenyekiti.

Heshima gani hiyo! Kijiji kile kilikuwa kimekusanya watu wa vitongoji vingi ambao hawakuona wenzao walivyohamishwa. Kila mmoja alikuwa na uchungu wake, shamba aliloliacha, kaburi aliloliacha. Sasa wanaingia ofisini kuuliza habari ya chakula, wanamkuta mwanamke anawapigia vigelegele ukutani. Wakamchukia. Kisimani hakuna aliyemtwisha ndoo, watoto wakamwita Bi Vigelegele, na alipopeleka kuni msibani kwa jirani aliambiwa zinatosha. Mjane wa umri ule, kijiji kipya, mwaka wa njaa, na hana wa kumwomba hata kaa la moto.

Habari hizo zilimfikia Rehani kwa Chausiku, jirani pekee aliyekuwa bado akimsalimu Mwaija, aliyekuja Korogwe kuuguza. Rehani aliacha spana juu ya mashine akaenda kupanda basi bila kumuaga msimamizi. Njia nzima alikuwa anayapanga matusi. Alifika ofisini, hakubisha hodi, akaing'oa picha ukutani huku Mwenyekiti Sadala akimwambia hiyo ni mali ya kijiji.

"Huyu ni mama yangu," Rehani alimjibu. "Kwani kijiji ni nani kwake?"

Alimkuta Mwaija anamenya muhogo nje ya kibanda chake. Akamwamkia shikamoo kwa haraka, akaanza kufoka: kesho asubuhi atasimama kisimani awaeleze wote kwamba Mhina ni mwongo, kwamba mama yake hakupiga kigelegele, alikuwa analia. Mwaija aliweka kisu chini. Aliichukua picha, akaitazama kwa muda, kwani ofisini hakuwahi kuisogelea.

"Nani alikwambia nilikuwa nalia?" aliuliza.

Rehani aliinama kuitazama picha.

"Nilikuwa nakuita wewe. Mbegu zilikuwa zimetundikwa chini ya paa, juu ya moshi jikoni, zile mbegu za mahindi za mama yako na mimi, tulizorithi kwa bibi yako. Wale wanavuta paa, na moto chini haujazima. Mikono yangu haikuzifikia, nikakuita uje uzishushe, Rehani. Nilikuita mpaka koo likakauka. Wewe ukainua kichwa, ukanitabasamia, ukainama tena kwenye boksi lako. Zikaanguka motoni zote."

"Lori lilikuwa linanguruma, mama. Sikusikia."

"Masikio sawa," Mwaija alisema kwa hasira. "Na macho? Si ulikuwa unanitazama? Mwalimu wako ananipa kigelegele, wewe unanipa kilio, wala hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza. Kesho ukisimama, sema nilichokuwa nasema."

Rehani alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alimfikiria Mhina, akawafikiria mgambo, dereva, Sadala, wote wakastahili, na hakuna aliyemsaidia.

Asubuhi alisimama kisimani na picha mkononi. Wanawake hawakugeuka. Alianza na desturi ya kwa Isaka, jina lake nani, mahali gani, paa lililokatwa lilikuwa upande gani. Sauti iliyoishinda korona miaka yote ile ilikuwa imemkauka, na Mwaija, aliyesimama nyuma yake na ndoo tupu, akamwambia aseme wasikie.

"Alikuwa ananiita mimi nikaokoe mbegu," Rehani alisema. "Nami nilikuwa nampiga picha."