Udongo Tifutifu

Juzi binti yangu alikuwa akisoma daftari lake kwa sauti: "Udongo tifutifu unafaa kwa kilimo." Niliacha kukunja nguo, nikatoka nje.

Nilikuwa na umri kama wake, kule kijijini Mbuji, alasiri tuliyomzika mdogo wangu Festo. Alikuwa hajaanza kutembea. Homa ilimshika wakati zahanati haina dawa, na baba aliporudi nazo kutoka duka la mtu binafsi mjini Mbinga, alikuta watu wamejaa uani.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya mibuni. Udongo ulinukia mvua. Niliufikicha vidoleni, ukawa kama unga. Mwalimu alikuwa ametufundisha aina za udongo wiki hiyohiyo, nami nikaivuta kanga ya mama.

"Mama, usilie. Huu ni tifutifu. Ataota vizuri."

Shangazi akanivuta pembeni.

Watu walipopungua, nilichota maji kwa kopo nikaenda kumwagilia. Niliyasikia yakinyonywa na ardhi, nikafurahi. Niliporudi kuchota mengine, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alilichukua lile kopo taratibu.

"Basi, mwanangu. Festo haoti. Festo amekufa."

Tangu asubuhi watu walikuwa wakimwambia mama kwamba mtoto amelala, mtoto amepumzika, naye akiitikia hivyohivyo. Mimi ndiye niliyemlazimisha kulitamka neno lile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kumwomba msamaha.