Kumpa Mgeni Mgongo

Kazi yangu ya kuongoza kwaya ilikuwa na adui mmoja mkubwa, naye ni mkorosho. Nilipangiwa shule moja ya msingi upande wa Ziwani, kule pwani, miaka ile ya Elimu ya Kujitegemea, na kwenye ratiba ya ukutani kilikuwepo kipindi cha muziki, dakika arobaini kila Alhamisi. Mwezi wa pili tu mwalimu mkuu akakifuta na kuandika "palizi". Nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu, korosho inauzwa," akasema. "Hiyo do re mi yako inauzwa wapi?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mikorosho tu, na kwa watoto wasiozaa korosho hakuwa na la kusema.

Nikawa nafundisha kwaya wakati wa mapumziko, watoto wakiimba huku matumbo yao yakiitikia. Wazazi nao, Waislamu karibu wote, wakanijia juu. Waliposikia neno kwaya walijua nawapeleka wanao kanisani. Baba mmoja alikuja na panga mkononi, katoka shambani, akasema, ingawa hakuliweka chini. Nikamwimbia wimbo wenyewe, niliotunga juu ya kulima muhogo ili taifa lishibe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Muhogo haulimwi hivyo," akasema, akaenda zake. Mwanawe akabaki.

Ndipo ikaja habari kwamba shule itapata mgeni rasmi kutoka wilayani. Ghafla kwaya ikawa mali ya mwalimu mkuu. Aliniita ofisini akaniahidi: tukiimba vizuri, nimwombe mgeni kipindi changu hadharani, na mgeni akikubali, yeye ni nani akatae? Sikulala kwa furaha. Nilikitaka kipindi kile kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo.

Siku ya mazoezi mwalimu mkuu akakaa kwenye kiti cha mgeni, kukijaribu. Hatukumaliza ubeti mmoja akapiga kelele.

"Mwalimu! Siku hiyo utasimama hivyo hivyo?"

"Ndivyo kwaya inavyoongozwa, Mwalimu Mkuu."

"Umpe mgeni rasmi mgongo? Mgongo, na hayo mengine yaliyo chini yake?"

Nilieleza nikachoka. Walimu wenzangu wote walikuwa upande wake, hata wale waliokuwa hawamwamkii. Ikaamuliwa nimtazame mgeni kwa adabu, na kwaya niiongoze kwa mikono iliyofungwa nyuma. Kwa wiki mbili watoto wakajifunza kusoma vidole vyangu kiunoni. Vidole viwili, sauti ya pili iingie. Kiganja wazi, nyamazeni. Ngumi, rudieni toka mwanzo, tena kwa nguvu.

Siku ikafika. Miaka yote nilikuwa nimewapa watu mgongo nikiamini wananisikiliza. Siku hiyo niliwaona. Mgeni alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Mwalimu mkuu macho yake yalikuwa kwenye kreti za soda. Lakini nyuma yangu watoto waliimba sauti tatu, hakuna hata mmoja aliyepotea, na mimi, mtu mzima, nikatokwa na machozi. Mgeni akadhani nalia kwa ajili yake. Akanipungia mkono.

Wimbo ulipokwisha nikaomba kipindi, palepale niliposimama.

"Kwani sasa hamna kipindi?" akauliza.

"Hatuna, ndugu mgeni rasmi."

"Na mnaimba hivi?"

"Ndiyo, ndugu," nikasema kwa fahari. Mjinga hana pembe.

Akawageukia watu. "Ndugu wananchi, mmejionea! Kama wanaimba hivi bila kipindi, kipindi cha nini?"

Wakampigia makofi. Mwalimu mkuu alipiga hata akasimama. Mgeni akakohoa, akakunjua karatasi zake, akaanza hotuba juu ya palizi.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Lakini adabu ni adabu. Nilimtazama, uso umekunjuka, mikono nyuma, na huko nyuma vidole vikajikunja vyenyewe.

Watoto wakaona ngumi.

Wimbo ukalipuka toka mwanzo, kwa nguvu, katikati ya neno la mgeni. Ulikuwa wimbo wa kulishibisha taifa, nani angethubutu kuukatiza? Mgeni akabaki na karatasi mkononi, akaanza kuitikia kwa kichwa. Walipofika mwisho waliikuta ngumi bado ipo, wakarudia. Mwalimu mkuu akaja mbio nusu ameinama, jasho linamtoka.

"Geuka uwanyamazishe!" akaninong'oneza.

"Nimpe mgeni mgongo, Mwalimu Mkuu?"

Alhamisi iliyofuata tulikuwa kwenye palizi, na hata nilipohamishwa kipindi kilikuwa hakijarudi. Lakini siku ile waliimba mara nne, na kiganja sikukifungua.