Viroba vyangu vya vitambaa viliuzwa nikiwa wodini, leo aliyeuza kaja kuomba kipande

Wakuu habari za humu. Mnaostahili shikamoo zenu pokeeni.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Makole, na wahusika wapo hai, wana simu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimepandana rukeni tu.

Nashona mashuka ya viraka. Vipande vya kitenge na kanga unaviunga mpaka linatoka shuka zima la kitanda. Vipande naokota kwa mafundi cherehani, vingine watu wananiletea.

Zamani nilikuwa navijaza kwenye viroba, navirundika sakafuni chumba cha uani. Hilo kosa ni langu, nakiri. Mchwa wa Dodoma hapigi hodi.

Kosa la pili halikuwa langu.

Nililazwa kifua, muda mrefu. Wifi yangu Zaituni na shemeji Rajabu, ndugu wa marehemu mume wangu, wakaona nimekwisha. Nawataja, maana wao hawakuniuliza. Walifungua chumba wakabeba viroba vyote, wakawauzia mafundi gereji wafutie oili mikononi.

Kanga za mama yangu mzazi zilikuwa humo.

Narudi nimekonda kama ufito, nakuta chumba kimefagiliwa. Namuuliza Zaituni, ananijibu, "Wifi, si matambara yale? Sisi tulijua..."

Nikamwambia malizia, mlijua nakufa.

Rajabu akacheka. "Shemeji nawe! Mtu kapona, badala ya kushukuru Mungu anaulizia matambara."

Aliyenishika mkono ni mama mkwe, mama yao hao hao. Alikuja kuniuguza kutoka Busi, kule Kondoa. Siku hiyo alichana pindo la kitenge chake cha kijani chenye tausi, akanipa. "Anza na hiki mwanangu. Wameuza vitambaa, mikono hawajakukata."

Nikaanza.

Sasa nije kwenye mada, kuna dada aliuliza humu vitambaa vinahifadhiwaje visiharibike.

Mimi sasa hakuna kitu kinakaa chini. Nina chaga kuukuu la kitanda, miguu yake imesimama kwenye makopo ya oili chafu, mchwa akipanda anaishia humo. Mwanzoni oili nilipaka mbao zenyewe, ikanichafulia kanga nzuri sana. Msirudie.

Kitenge kipya nakifua kwanza, kikiwa cha kuchuja kichuje kwenye beseni, siyo kwenye shuka la mteja. Nakausha kivulini, jua la huku linakula rangi. Nikiwa na wasiwasi na kitambaa nachoma uzi wake mmoja. Pamba inaacha majivu, poliesta inaganda kama plastiki.

Wengi wanapanga kwa rangi. Inapendeza macho, lakini ukija kuunga kanga nyepesi na kitambaa cha sare ya shule, kizito kinachana chepesi. Mimi napanga kwa uzito, rangi baadaye. Katikati naweka majani makavu ya mwarobaini.

Na kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa kukokota, mifuko siiandiki. Kila mfuko nimeushonea nje kipande cha kilichomo ndani. Nikipita na kidole tu najua. Umeme ukatike, usikatike.

Mfuko wa kwanza kabisa, mdogo, nje una unyoya wa tausi. Ndani kuna kipande kimoja.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Zaituni ndiye aliyegawa nguo zake, mbio mbio, arobaini haijafika. Mkono wake mwepesi siku zote. Hakubakiza hata mtandio.

Wiki iliyopita nasikia hodi. Yeye.

"Wifi, nasikia una kitenge cha mama. Mimi sina hata uzi wake. Nimekwenda kwa Rajabu, cha kwao mkewe kakifanya dekio."

Akachungulia ndani, akaona mifuko imepangwa mpaka juu. "Lo! Hapa utakipata kweli?"

Wakuu, hapo ndipo nilipojisikia mtu. Nilinyoosha mkono mara moja tu, nikatoka nacho.

Kipande ni hicho hicho, hakuna kingine duniani. Nikimpa chote, nimebaki bila mwanzo wangu. Nikimnyima, basi mama yake na yeye kwishnei. Na roho yangu ilitaka kumnyima, nisiwadanganye.

Nikachukua mkasi. Nikamwambia, "Angalia vizuri wifi. Hili siyo tambara."

Nikakata katikati. Alikipokea kwa mikono miwili, ile ile iliyobeba viroba vyangu, akajifunika nacho uso pale pale mlangoni. Kanga za mama yangu hazitarudi, naye anajua. Sijamsamehe. Lakini hakutoka kwangu mikono mitupu kama nilivyotoka mimi wodini.

Nusu yangu nimeirudisha kwenye ule mfuko wa tausi.

Nililojifunza: kitu ukikiweka kama takataka, hata ndugu atakiita takataka. Kipange, kipe mahali pake, hata asiyejua thamani yake ataogopa kukigusa.

Nyie mngempa? Wenye ujuzi zaidi wa kuhifadhi vitambaa leteni, najifunza bado. Zaituni na Rajabu kama mmo humu, someni tu, msijibu.