Leso Juu ya Sola

Juzi nilipofika nyumbani kwetu, karibu na Kombani, nilikuta paneli ya sola imepigiliwa juu ya mabati, na vitaa vya LED, vidogo kama punje za mahindi, vinawaka jikoni bila mtu kuvijali. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu. Wewe hujui, rafiki yangu, lakini mimi niliwahi kufungwa na taa.

Nilikuwa msichana wa darasa la sita, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Baba, aliyefanya kazi hotelini Galu, alituletea paneli ndogo, betri ya gari na taa ya volti kumi na mbili, ili nyanya asome msahafu bila moshi wa koroboi. Paa letu lilikuwa la makuti, halikuweza kuibeba paneli. Ikaegemezwa kwenye kinu uani, nami nikapewa kazi ya kuigeuza kufuata jua na kufukuza mbuzi. Likizo nzima ya Disemba! Wenzangu walipita wakienda kuokota korosho, wakiniimbia, "Mke wa sola! Mke wa sola!" Nilikuwa na haya, nikajitia kufukuza mbuzi.

Baba aliniahidi jambo moja. Taa ikishika mpaka isha siku saba mfululizo, binamu yangu atashika zamu, nami nitakwenda Msambweni kwenye harusi ya shangazi. Gauni lilikuwa limeshashonwa.

Siku tano ilishika. Siku ya sita, baada ya adhuhuri, nyanya aliniambia kama kawaida, "Jua kali, mjukuu wangu. Kalale, nitaigeuza mimi." Nilipoamka alasiri, paneli ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa leso yake iliyoandikwa *Hasidi hana sababu*.

"Huyu jirani yetu wa bara," nyanya alininong'oneza, "kaja hapa kaniambia, 'Nyanya, siku hizi nyinyi ni masonko, matajiri kabisa!' Mashallah hakusema hata moja. Nimeifunika, jicho lake lisije likaiua taa yetu. Nimekosea?"

Mtu mzima hakosolewi.

"La, nyanya."

Jioni ile taa ilififia, ikazima kabla ya isha. Baba alinigeukia.

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Nililala, baba."

"Basi Msambweni huendi."

"Mwache mtoto," nyanya akasema, akifunga msahafu. "Jicho lile limepenya leso."

Harusi ikapita. Tangu hapo, kila mgeni alipobisha hodi nyanya aliifunika paneli, nami nikaifunua akigeuka. Jambo hilo hatukulizungumza mpaka alipofariki.

Leso ninayo mimi. Imepauka, maandishi yake husomwa na anayeyajua tu. Watoto huniuliza kwa nini sitaki kuitupa. Huwaambia ni ya nyanya. Siwaambii kwamba jua langu la kwenda Msambweni limo humo.