Mwali Aliyesifiwa kwa Kuvimba

Kabla ya kuugua nilikuwa msichana wa mbio na kelele. Kwetu Kang'ata nilibeba debe la maji huku naimba, na bibi yangu akilalamika kuwa sina nyama hata ya kushikia kanga. Zilikuwa zama za Mwingereza. Nilipovunja ungo, bibi akaniweka ndani kama desturi ya mwali: nisitoke, nisifanye kazi, nile ninenepe mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma.

Niliingia ndani na vidonda vya upele miguuni. Vilipokauka, wiki chache baadaye nikaamka uso umejaa, macho hayafunguki vizuri. Bibi akapiga kigelegele.

"Jamani, njooni mwoneni mwali wangu!"

Wanawake wakaja, wakanifinya mashavu, wakamsifu bibi. Naye akazidisha samaki mkavu, ng'onda wa chumvi, na mlenda wa magadi, nami nikazidi kuvimba. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Niliona haya kusema. Nani ataje mkojo mbele ya watu wanaomsifia uzuri?

Aliyegundua ni mama. Alikuwa ananipaka mafuta, akanibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mama, huu si unene," akamwambia bibi. "Haya ni maji."

"Unataka kumtoa mwali kabla ya siku yake?" Bibi akanuna.

Kesho yake nilishindwa kulala chali, nahema mbio. Nilijua nakufa. Bibi mwenyewe ndiye aliyekimbia kwa Mhindi mwenye duka kuomba nafasi kwenye lori la mahindi liendalo Korogwe.

Hospitalini daktari alichemsha mkojo wangu katika kichupa, ukaganda mweupe kama ute wa yai la kuchemsha. Akamgeukia bibi.

"Figo ndizo zinazopima, bibi. Maji yakizidi mwilini huyatoa, chumvi ikizidi huitoa, hata uchachu wa damu huupunguza. Za binti huyu zimeumia, huenda kwa vidonda vya upele vilivyomtoka miguuni. Chumvi mnayompa haitoki, na ikibaki hung'ang'ania maji."

"Kumbe nilikuwa naulisha ugonjwa?"

Daktari akaweka kichupa mezani. "Hukujua, bibi."

Nikakatazwa chumvi kabisa. Maji nilipimiwa: kiasi nilichokojoa jana yake, na vikombe viwili juu yake. Kiu ilinitesa hadi nikanyonya pindo la kanga lililolowa. Bibi aliniona, hakunigombeza. Tangu siku ile hakunywa maji mbele yangu, na uji wangu usio na chumvi tuliunywa pamoja.

Kisha asubuhi moja nikajaza chombo cha mkojo. Nikajaza tena! Bibi akakinyakua, akazunguka nacho wodi nzima.

"Bibi, kimwage!" nesi akamfuata.

"Ngoja waone kwanza!"

Namshukuru Mungu, namshukuru mama na kidole chake. Ndugu zangu, mtoto akivimba uso asubuhi, msimsifu kwanza. Mbonyezeni mguu, mwulizeni mkojo, mpelekeni hospitali. Nanyi mabinti, semeni. Haya yangu nusura initie kaburini.

Maji yaliponitoka ilibaki mifupa. Siku ya kutolewa, wanawake walewale wakanitazama na kunong'onezana. Bibi akanishika mkono, akanipeleka katikati ya ngoma, machozi yanamtiririka.

"Mwoneni," akasema kwa sauti. "Amekonda mjukuu wangu!"

Akapiga kigelegele.